Kundi Nililokosea

Ruiru,
28 Machi 1957

Kwako Mwalimu Dalmas, ndugu yangu,

Pokea salamu, wewe na mama yetu Ajwang. Naomba barua hii iwakute na nguvu, ingawa najua mioyo ni mizito. Mimi ni mzima; hasira tu ndiyo hainiachi, na utaisikia humu.

Umeniuliza kama ni kweli ilivyoandika ofisi ya shamba, kwamba mdogo wako Omondi aliuawa na pombe. Ni uongo. Omondi hakuonja pombe tangu abatizwe. Alipulizia kahawa dawa ya wadudu siku tatu, bila glavu, shati limemlowa mgongoni. Nilipomlalamikia msimamizi, alinijibu kwamba kazi ya dresa, msaidizi wa zahanati kama mimi, ni kufunga vidonda.

Jumanne ile asubuhi walimleta kwangu zahanati, jasho na mate vikimtiririka, misuli ikirukaruka. Niliuliza pipa la dawa aliyokuwa akipulizia lina nini. Msimamizi akasema hajui. Nilikwenda kutazama mwenyewe baadaye, nikakuta karatasi ya jina imebanduliwa, gundi bado mbichi.

Wewe ni mwalimu, utanielewa. Neva hupeleka habari mwilini kwa kemikali. Katika mafunzo Thika nilizikariri kwa makundi mawili, zinazochochea na zinazotuliza. Mojawapo, asetilkolini, hupunguza mwendo wa moyo, kwa hiyo niliiweka kwa zinazotuliza nikaridhika. Juzi daktari wa Thika alinieleza kwamba kemikali hiyohiyo hutuliza moyo na kuchochea misuli, kutegemea kiungo kinachoipokea. Sumu ya wadudu huuzuia mwili kuiondoa, ikafurika.

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia hata mke wangu Waceke. Niliona misuli ikiruka, nikasema hili ni kundi la kuchochea, nikamchoma sindano ya kumtuliza. Mboni zake zilikuwa zimesinyaa kabisa, moyo unakwenda polepole. Niliviona, nikavipuuza. Atropini, dawa yenyewe ya sumu hiyo, ilikuwa kabatini. Kabla ya saa sita aliacha kupumua.

Msimamizi anataka nitie sahihi karatasi ya pombe. Sitii. Nimemwandikia afisa wa leba, yule wa serikali anayesimamia mambo ya wafanyakazi, yote, la pipa na langu. Wakinifukuza, wanifukuze.

Nisalimie mkeo Nelima na watoto. Mama akiuliza kilichomuua mwanawe, mwambie ni sumu ya shamba, na sindano ya Gerishon. Usilifiche jina langu.

Ni mimi,
Gerishon Ndung'u