Nzuri, Halafu?

Kijiji cha Ruanda, Jumanne

Miaka yote nimeficha kwamba salamu nilifundishwa ukubwani, na mke wangu, jikoni.

Nilikuwa fundi mitambo mwenye diploma, lakini mtu akiniuliza habari za nyumbani nilimjibu kama naandika ripoti: ng'ombe anaharisha, bati linavuja. Watu walicheka. Basi Tabitha akajifanya mgeni, akaketi mbele yangu na mwiko mkononi.

"Habari za hapa, shemeji?"

Nikianza na ng'ombe, ananigonga goti. "Kwanza nzuri, wewe bwana mitambo! Shida zinafuata." Nikisema nzuri nikanyamaza, anainua mwiko: "Nzuri, halafu?"

Nikaweza. Hapa kijijini wananiita mcheshi. Hawakujua kwamba popote tulipoalikwa aliketi karibu yangu, akinigusa goti zamu yangu ya kusema ikifika.

Tulimzika wakati wa kuvuna mahindi.

Leo jioni binti yetu Neema amepiga simu kutoka dukani kwake Tunduma.

"Shikamoo baba. Habari za hapo?"

"Marahaba. Nzuri."

"Nzuri, halafu?" Sauti ya mama yake kabisa.

"Halafu kahawa imeanza kuchanua." Nikakata simu.

Mwili wangu unaisha, najua, na sitaki hilo la kahawa liwe jibu langu la mwisho kwake. Kesho akipiga...

Halafu mama yako hayupo, Neema, na sina mtu mwingine ninayejua kuongea naye.