Nilisoma nane palipoandikwa tatu

Mshauri wangu mpendwa,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi uniamkie wewe, maana mimi ni mtu mzima mwenye watoto wanne na cherehani mbili, na leo nakuja kwako unisaidie kabla Jumamosi haijafika, kwa sababu nimefanya jambo ambalo nikilikumbuka hata uzi hauingii kwenye sindano, na mimi mtaa mzima wananijua, uzi nauingiza huku naongea na mteja wala sitazami.

Kwanza unijue. Mimi ni mama wa mshambuliaji wa timu yetu, namba tisa, mtoto wangu wa tatu, mrefu, miguu kaichukua kwa babu yake mzaa mama, na tangu apewe hiyo jezi watu wameacha jina langu wananiita Mama Tisa na mimi naitika hata nikiwa ng'ambo ya barabara. Shule niliishia darasa la saba lakini mwandiko wangu ni wa kusomeka, ndiyo maana tawi letu la mashabiki likanichagua kuwa mshika chaki. Tawi linakutana kwenye chumba changu cha kushonea kwa sababu kina nafasi na kina ubao ninaoandikia vipimo vya wateja, tuko watu saba, mimi, mume wangu ambaye ni fundi seremala na karakana yake iko uani kwetu, Kinyozi wa jirani, Nesi wa zahanati, Mwalimu mstaafu, na wengine wawili ambao huwa wanakuja kusikiliza tu.

Sasa tawi lina utaratibu wake. Mechi ya kufungua ligi ikiisha tunakaa tunajadili timu imechezaje, tunataja wachezaji watatu waliong'ara, halafu kila mtu anampa kila mmoja alama juu ya kumi kwenye kikaratasi bila kuandika jina, vikaratasi vinaingia kwenye kopo langu la vifungo, mimi natoa kimoja kimoja nasoma kwa sauti na kuandika ubaoni. Mwenye alama nyingi ndiye anavaa kitambaa cha unahodha mechi inayofuata, kocha mwenyewe alishakubali, na kitambaa nakishona mimi na namba yake juu.

Basi Jumamosi iliyopita tumefungua ligi na tumeshinda moja bila, na hilo moja ni la mwanangu. Sikufichi, kona ilipopigwa nilikuwa nimefumba macho, ndiyo kawaida yangu mpira ukimkaribia, na nilipofumbua Nesi ananikumbatia mpaka miwani ikaanguka na watu wanapiga kelele Tisa, Tisa, nikajua kichwa kile, kichwa cha kwetu.

Nikarudi nyumbani nikachemsha chai sufuria kubwa, nategemea shangwe. Mshauri, nilishangaa. Watu wametoka kushinda wamekaa kwenye viti vyangu wamenuna kama wamefungwa.

"Tumeshinda, lakini hatujacheza," Kinyozi akaanza.

"Kipindi cha pili chote tulikuwa langoni kwetu," akasema Mwalimu, "ungedhani tumepanga chumba pale."

"Na Tisa wetu leo mgongo wake umecheza kuliko miguu," Kinyozi akadakia. "Ameotea mara tano. Yule mshika kibendera sasa hivi anakandwa bega."

Wakacheka, na mume wangu naye nikamwona anatabasamu ndani ya kikombe. Nikawauliza, "Goli limeingia au halikuingia?"

"Limeingia, Mama Tisa," Nesi akasema taratibu, "ila bila kipa tungekuwa tunaongea mengine. Penalti ile aliyoipangua, na dakika za mwisho yuko peke yake na watu wawili."

"Kipa kazi yake kudaka. Mimi nikishona suruali kuna anayenipigia makofi?"

"Na mshambuliaji kazi yake nini?" akauliza Kinyozi, mtu ambaye mashati yake yote nimeyageuza kola mimi.

Wakataja wawili wao, kipa na beki wa kushoto, na wa tatu nikamtaja mimi, mwanangu, kwa kuwa chaki ilikuwa mkononi mwangu. Kura zikaandikwa. Nilipofika kwa mwanangu nikasoma kumi, hiyo ilikuwa yangu, na kama ingekuwepo kumi na moja ningempa, nikasoma saba, nane, saba, sita, saba, halafu nikafungua kikaratasi cha mwisho. Tatu. Tatu juu ya kumi, na haikuandikwa kwa kalamu kama nyingine, imeandikwa kwa penseli nene, na tarakimu yenyewe juu imekatwa bapa kama kona ya dirisha. Mshauri, mwandiko huo naujua miaka ishirini na sita, uko kwenye kila ubao uani kwangu. Baba mzazi wa mtoto. Mtoto amefunga goli la ushindi, baba yake anampa tatu.

Sijui nini kilinishika. Nikasoma, "Nane." Nikaandika nane, kikaratasi nikakisukumia kwenye kijiboksi cha bobini za cherehani, nikajumlisha, mwanangu akamzidi kipa kwa alama moja. Ingesomwa tatu, kipa angekuwa mbele kwa nne. Kinyozi akauma midomo, Nesi akapiga makofi ya heshima, mume wangu akakohoa kidogo akatazama kiatu chake, basi.

Nikadhani limeisha. Kesho yake Jumapili tumekaa mezani, nasubiri mwanangu afurahi, mtoto hali. Akauliza, "Mama, aliyenipa alama ya chini kabisa amenipa ngapi?" Nikamwambia kwa kujidai, sita, mwanangu, hakuna aliyeshuka hapo. Akamgeukia baba yake.

"Baba, na wewe ulinipa ngapi?"

Mume wangu akatafuna, akameza, akasema, "Kilichosomwa ndicho kilichosomwa."

"Kwa hiyo hata wewe," mtoto akasema, akainuka.

Nikamfuata uani nimwulize ana nini, ndipo aliponiambia mambo ambayo mimi niliyemzaa na kumlea sikuyajua. Kwamba tangu ana miaka tisa wana ahadi yao wawili, kila mechi baba anampa alama yake ya kweli, bila huruma, halafu wanaingia uani wanarekebisha kilichoharibika, na mimi miaka yote hiyo nilidhani wanacheza tu wananivunjia vyungu vya maua. Akasema Jumamosi alicheza ovyo kuliko siku yoyote. Nikamwambia, na lile goli la kichwa?

"Kichwa gani, Mama? Nilikuwa nimegeuka nyuma namlalamikia beki aliyenivuta jezi. Mpira ukanigonga mgongoni. Nilijua ni goli nilipoona watu wanakuja kunikumbatia."

Nilikaa juu ya rundo la mbao. Akaendelea, "Wengine wakinisifia naelewa, ni mashabiki. Lakini kama Baba naye ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, sina tena wa kuniambia ukweli. Nitavaa hicho kitambaa Jumamosi kwa sababu watu wamepiga kura, nikitoka hapo jezi nairudisha."

Tangu siku hiyo hawasemezani. Wanapasua mbao, huyu kashika huku, yule kashika kule, neno halitoki isipokuwa "inua" na "shusha". Jumanne kipa akaja kupunguza suruali, kijana wa pale kwenye duka la mikate, akiwa na unga mpaka kwenye nyusi, akaniambia, "Hongera, Mama Tisa, nahodha mmemchagua vizuri," na alisema kwa moyo mweupe, nikajichoma sindano.

Lakini kilichonimaliza ni jana Jumatano. Nafua shati la kazi la mume wangu, nikapapasa mfuko kama kawaida nisije nikafua misumari, nikatoa penseli yake, na pamoja na penseli kile kikaratasi. Tatu yake, bapa juu. Nilikimbilia kijiboksi cha bobini, kitupu. Kumbe amekichukua muda mrefu, siku zote hizi anatembea nacho kifuani, mtoto anamtazama kama muongo, na neno moja tu lingemtoa hatiani, na hajalisema. Kwangu pia hajasema kitu, isipokuwa Jumatatu aliniuliza kama cherehani haihitaji mafuta. Nilishtuka mpaka nikakaa kwenye beseni, na maji yakiwemo.

Sasa niambie. Nikisema, mimi Mama Tisa nitaitwa mwizi wa kura kwenye chumba changu mwenyewe, na Kinyozi ataliimba mpaka ligi iishe. Nikinyamaza, mtoto anaacha mpira na baba yake anabaki muongo. Au nimwambie mwanangu peke yake, tawi lisijue? Kitambaa kiko mezani, nimeshakikata, namba bado sijaishona. Ukinisoma redioni tafadhali usinitaje.

Mama wa mshambuliaji

*

Mama Tisa,

Umeniomba nisikutaje, halafu umeniandikia cherehani, ubao, zahanati, karakana ya uani na mgongo uliofunga goli. Mtaani kwenu ataachwa nani asiyekujua? Kwa hiyo jibu hili nakuletea leo hii Alhamisi kwa mkono wa mlinzi wetu wa hapa redioni, na hewani nitasoma Jumatatu. Nataka wenzako wasikie kwako, wasisikie kwangu.

Pole kwanza, na pole hii ni ya kweli. Kuona mtu amempa mwanao tatu, na mtu huyo ni baba yake, kunachoma. Nimekuelewa. Lakini huruma yangu inaishia hapo, maana tangu hapo umefanya kazi ya kujidanganya kwa bidii ambayo ungeiweka kwenye kushona ungekuwa na cherehani tano.

Unajifanya hukujua kuwa alicheza vibaya. Kinyozi alikuambia. Mwalimu alikuambia. Nesi alikuambia kwa upole kabisa. Ukawaona ni watu walionuna. Watu wale wanaipenda timu kama wewe, ndiyo maana hata ikishinda wanaitazama. Wewe mwenyewe umeandika, kwa mwandiko wako wa kusomeka, kuwa goli hukuliona. Mama, umempa kumi mchezaji ambaye hukumtazama.

Na mumeo. Ulisoma tatu ukadhani ni dharau. Mtu aliyekaa uani na mtoto miaka yote hiyo, mechi baada ya mechi, hiyo tatu ilikuwa mwaliko wa kurudi uani. Mwanao alikuwa anaisubiri. Wewe ukaichukua, ukampa nane ambayo hakuiomba. Halafu mumeo akaona bora mwanawe amdharau yeye kuliko wewe uumbuke mbele ya wageni wako. Hapo sikusifii wewe wala simsifii yeye, naye angefungua mdomo. Lakini mtu wa namna hiyo haachwi abebe mzigo wako mpaka Jumamosi.

Umeniuliza kama umwambie mwanao peke yake. Hapana. Ukifanya hivyo kijana atavaa kitambaa anachojua ni cha mwenzake, na sasa mtakuwa watu watatu wenye siri badala ya wawili. Na yule wa duka la mikate aliyekupa hongera huku amekupangulia penalti, yeye umemsahau? Alama ni zake.

Fanya hivi. Leo, kabla hawajafunga karakana, ingia uani na hicho kikaratasi. Usiingie na chai, usiingie na machozi, na hadithi ya uchungu wa kuzaa iache ndani. Wakute wote wawili wameshika ubao wao, mpe mwanao asome mwenyewe, useme: "Hii ndiyo aliyoandika baba yako. Nane ni yangu." Basi. Ukimaliza ondoka. Watakuwa na mengi ya kusema, na mengi hayakuhusu.

Kesho Ijumaa liite tawi. Simama pale pale ubaoni, ufute nane kwa mkono wako, uandike tatu, ujumlishe upya kwa sauti. Kisha chaki mkabidhi Nesi. Usisubiri wakuombe, ikabidhi. Kinyozi atacheka, na atacheka muda mrefu, nawe utamgeuzia kola kama kawaida. Kicheko cha Kinyozi hakijawahi kuua mtu. Ukimya ule wa "inua" na "shusha" ndio ninaouogopa mimi.

Wakiondoka, keti ushone namba moja kwenye kitambaa. Ukipeleke mwenyewe kwenye duka la mikate, umwombe kijana radhi akiwa na unga wake vile vile.

Jezi mwanao hatairudisha. Mtu anayejua kuwa amecheza ovyo wakati uwanja mzima unaliimba jina lake, huyo bado ana mpira wa kucheza. Hilo una haki ya kujivunia, na nakuruhusu ujivune nalo hadharani.

Ila Jumamosi, mpira ukimkaribia, usifumbe macho.

Mshauri wako