Nati za Gari la Baba

Nyamiaga, Jumapili

Wiston wangu, asali ya moyo,

Simu yako haishiki, kwa hiyo barua hii nampa dereva wa basi la Biharamulo. Nakupenda sana, na nimekukasirikia sana.

Ile mashine yako ya betri ya kufungia nati! Ulipomfungia baba tairi wiki ya harusi, ulizibana nati mpaka mashine ikapiga kelele, wala hukumalizia kwa spana ya mkono. Juzi kaja kututembelea, tairi likaisha upepo hapa uani. Wanaume watatu wamesimama juu ya spana, spana ikapinda. Nati hazikutikisika.

Nawe unajua mila, mzee halali nyumbani kwa mkwewe. Analala ndani ya gari, mpenzi, mbele ya mlango wetu! Majirani wanampa shikamoo kupitia dirishani.

"Jovina, mumeo alifunga tairi au jeneza?"

"Aliogopa lisichomoke, baba."

"Likifunguka nakurudisha kwetu Rulenge, mpaka ajifunze kutumia mkono." Wala hacheki.

Audax, fundi wa pale mjini, ana mashine kama yako na yuko tayari kuja. Baba nimemwambia Audax kasafiri. Ndoa yetu haijatimiza mwezi, nawe uko Biharamulo unakumbatia malori ya watu!

Njoo na betri iliyojaa. Shingo inamuuma mzee, siwezi kumdanganya zaidi. Kesho jioni namwita Audax, na gari likiondoka bila wewe kuwepo, nami nimo ndani.

Wako mwenye hasira na mahaba,
Jovina