Mahindi ya Kapteni

Babu yangu,

Nakuandikia ndani ya basi, natoka Hounslow hapa London, na nina hasira, sikufichi.

Unakumbuka tulivyokuwa tukikuparamia mgongoni, sisi wajukuu zako? Ukishatuinua tu unapiga kelele: "Mahindi mai legi! Mahindi mai legi!" Ulisema hayo ndiyo maneno ya kapteni Mwingereza uliyembeba siku tatu wakati wa vita vya Mjerumani, mguu umevunjika, buti moja limechukuliwa na mto. Sisi hoi kwa kicheko. Kinara nilikuwa mimi: "Babu, kapteni gani huyo wa kulilia mahindi porini?" Wala hukukasirika. "Haya cheka, mke wangu," uliniambia, "lakini nilimbeba."

Ulikuwa umeshazikwa nilipokuja London kusomea unesi. Siku zangu za kwanza wodini namwinua bibi mmoja, akapiga ukelele: "Mind my leg!" Chunga mguu wangu. Nilibaki nimeduwaa, bibi wa watu yuko mikononi. Kumbe mahindi yenyewe ndiyo hayo! Nilikwenda kulia chooni.

Tangu hapo nimeinua wazee wao mpaka nimestaafu. Leo nikaingia ukumbi mmoja kuna maonyesho ya batalioni yao, wajitoleaji wa hapa London waliokuja kupigana kwetu. Wajitoleaji, eti! Wewe hukujitolea, Babu, ulitolewa. Walikukamata shambani Bura, wakakutwika mizigo yao. Picha zote zina majina chini. Hata mbwa wao ana jina. Wapagazi hawana.

Ukutani mwisho kuna shajara ya kapteni. Mguu umevunjika. Siku tatu. Buti limekwenda na mto. Nilisoma huku nakutafuta mstari kwa mstari. Nikafika alipoeleza alivyotoka porini: "Mungu alinibeba."

Mungu! Sisi tuliuona huo mgongo, na makovu yake. Nimewachukia, Babu, kusema kweli. Lakini wao hawakukujua jina. Mimi nilikujua, na nikakucheka. Hilo ndilo linalonitafuna.

Mlangoni mhudumu akaniuliza kwa upole kama nimefurahia. Nikamwomba kalamu. Kwenye kitabu cha wageni nimeandika kwa herufi kubwa, kwa Kiingereza chao: Hakuwa Mungu. Alikuwa Mwakio wa Bura.

Tua mzigo sasa, Babu.

Mjukuu wako aliyekucheka.