Masharubu ya Masalu

Lamadi,
14 Agosti 1995

Wifi yangu Milembe,

Mwangaluka! Natumaini barua hii inakukuta mhola na salama hapo Ngulyati, wewe, shemeji na watoto, na kwamba mguu wako umeacha kuvimba. Sisi huku wazima. Pamba tumeuza mapema, maana siku hizi wanunuzi binafsi wanakufuata hadi mlangoni na mizani yao, wanakubembeleza mpaka unajiona bibi harusi.

Sasa kaa kitako nikupe habari. Masalu wetu ni mzamiaji! Kile kiwanda kipya cha barafu ya samaki kinavuta maji ziwani kwa bomba, na mdomo wake huzibwa na magugu maji. Walijaribu vijana tisa. Mwanangu peke yake alikaa chini mpaka watu wakasema aitwe padri. Mapafu hayo ni ya ukoo wangu, usibishe.

Taabu ikawa masharubu. Mzamiaji huvaa kioo cha kufunika macho na pua, na ukingo wake wa mpira lazima ushike ngozi. Nywele zikipita chini ya mpira, maji nayo yanapita hapo hapo. Kila akizama kioo kinajaa, anaibuka anakohoa, wenzake wanacheka kwamba beberu kaletwa kunyweshwa. Msimamizi wao, Selestini, akasema ikifika Alhamisi awe amenyoa, la sivyo apishe wengine.

Masalu akakataa. Alisema tangu tumzike baba yake mwezi wa tano hajagusa wembe, na kwenu wembe wa kwanza wa kuondoa msiba ni wa shangazi. Nikamwambia vema, mayu wako, mimi mama yako, nitapata njia. Nikamsugua samli pale juu ya mdomo, nene kweli kweli. Kioo kilishika kidogo, kisha kikateleza hadi kidevuni, na Selestini akaja hapa nyumbani kufoka kwamba mafuta yanaozesha mpira.

Nikamwambia aniachie hicho kioo nikione mwenyewe. Nilikibandika usoni bila kufunga mkanda, nikavuta pumzi kwa pua kama alivyonielekeza. Kikaning'ang'ania kama kupe! Kwa Masalu kikaanguka. Nikatazama vizuri, nikaona ndevu za kidevuni hazina kosa. Wakorofi ni zile nywele zilizo chini ya pua pale pale, upana wa punje ya mchele tu.

Alhamisi akafaulu. Alitoka na magugu mikono miwili na macho makavu. Watu wanasema kioo kimemzoea, nami nimewaacha waseme.

Lakini wewe, wifi, sikudanganyi. Jumatano asubuhi nilimkalisha kwenye kigoda nikanyoa ule ukanda mwembamba, kwa mkono wangu. Yeye alilia, akauliza shangazi atasemaje. Nikamwambia hilo ni langu. Kaka yako hakuniachia ng'ombe, aliniachia huyu, na msiba sikuupa nafasi ya kumla naye.

Nywele zenyewe sikutupa. Nimezifunga kwenye kitambaa cheupe, zinakusubiri pamoja na kidevu kizima, ambacho sijakigusa. Njoo Septemba na wembe wako kama tulivyopanga. Ukiwa na hasira njoo nazo, nitakupikia sangara ushibe kwanza, ndipo unigombeze.

Msalimie sana shemeji, na binti yenu Eufrasia mwambie namkumbuka. Masalu anakuamkia, ila anaogopa.

Wifi yako asiyejificha,
Klementina, mama wa mzamiaji