Waya Mfupi

Tarehe 4 Machi

Kwa mwanangu Kichwa Kigumu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mgongo tu unalalamika kwa kukanda unga. Wewe je, unakula? Au huko chuo cha ufundi wanawalisha nyaya?

Simu zangu hupokei tangu tulipogombana siku ile unaondoka. Haya, barua utaisoma. Mwenye nyumba anataka nihame mwisho wa mwezi. Kila nikiwasha oveni, swichi inajizima na upande wetu wote unabaki bila umeme. Fundi cherehani anapiga kelele, kinyozi anapiga kelele, juzi mteja wake kaachwa na nusu kichwa. Sasa mwenye nyumba kasema eti nimeficha oveni ya pili. Ya pili! Niiweke wapi, mfukoni?

Na mimi ndiye ninayetumia umeme kidogo kuliko wote humu. Ule waya unaowaka ndani ya oveni ukikatika naurekebisha mwenyewe kama nilivyozoea: naondoa kipande kilichoungua, navuta kilichobaki, naunga. Sasa hivi umebaki mfupi kweli. Halafu mikate inaungua chini, unga wa siku hizi hauna adabu.

Rudi nyumbani. Duka hili ni lako. Tusimame wawili mbele ya huyu mtu.

Mama yako


Tarehe 13 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Nakula vizuri, na pole na mgongo.

Sirudi, mama. Nimelisema mapema ili usilitafute chini ya barua.

Kosa ni la waya. Zuia hasira kidogo unisikilize. Kazi ya waya ule ni kuuzuia umeme usipite ovyo, na huko kuzuia ndiko kunaitwa ukinzani. Waya mrefu unazuia sana, mfupi unazuia kidogo. Kila ukiukata, unaufungulia umeme mlango. Ndiyo maana mikate inaungua, unga hauna kosa.

Kibati cha nyuma ya oveni kimeandikwa volti 240, ampea 8. Gawa volti kwa ampea, unapata 30: ndio ukinzani wake, omu 30. Zidisha volti kwa ampea, unapata nguvu yake, wati 1,920. Sasa mwite fundi friji wa jirani aje na kile kipimo chake cha kubana waya, akusomee ampea oveni ikiwa imewaka. Swichi yenu inavumilia ampea 10 tu. Hesabu iliyobaki utaifanya mwenyewe.

Binti yako


Tarehe 18 Machi

Wewe mtoto,

Salamu leo hakuna.

Yaani mimi niliyekulea kwa mikate ya oveni hiyohiyo, leo unaniambia mharibifu ni mimi? Waya mfupi ndio unaokula umeme mwingi? Basi na mimi nikipunguza unga kwenye karai nitapata mikate mingi! Fundi friji simwiti ng'o. Na kuhama sihami. Wewe na mwenye nyumba kaeni na hesabu zenu.

Mama


Tarehe 25 Machi

Mama,

Shikamoo. Umenyamaza, na mwezi unaisha. Sijui hata kama umeamka salama.

Nimempa dereva wa lori la unga waya mpya, mrefu kama ule wa kwanza. Usiukate hata kidogo. Mtihani wangu wa mwisho ni wiki ijayo, lakini usiponijibu kufikia Ijumaa, nafunga begi narudi, mtihani na uende zake. Nimekukasirikia sana. Lakini kukuacha utolewe nje na mtu yule, hapana.

Binti yako


Tarehe 28 Machi

Mwanangu,

Fungua hilo begi! Mimi mzima wa afya, hata mgongo umesahau kuuma.

Fundi friji nilimwita. Nilimwita ili nikukomoe. Akabana waya, akasoma ampea 12. Nikamwambia kipimo chake ni kibovu. Akapima tena, 12. Nikaandika kwa kidole kwenye unga mezani: 240 gawa kwa 12, omu 20. Zidisha, wati 2,880. Loo! Nikakaa juu ya gunia. Dereva alipoleta waya wako tukaufunga bila kuukata. Ampea 8. Swichi kimya, na kinyozi akamaliza kichwa cha mtu.

Jana, hata mwezi haujaisha, mwenye nyumba akaja na kufuli. Nikawaita wapangaji wote. Nikasema, oveni ni moja, waya niliuharibu kwa mkono wangu mwenyewe, na nimeshautengeneza. Kama ipo ya pili, itafute. Akaitafuta! Akapiga magoti mpaka mvunguni mwa meza, akatoka mweupe kwa unga, watu wakacheka. Eti ngoja kwanza afikirie. Nikamwambia akafikirie nje, mikate yangu inaiva. Kaondoka na kufuli lake. Akirudi nalo, atanikuta hapahapa.

Ile barua yangu ya kukuita urudi, ichome. Siku ile unaondoka nilisema nyaya si kazi yako. Nimeyafuta maneno hayo. Ukikanyaga hapa kabla ya mtihani, mlango nitaufunga mimi, na mimi sibembelezeki.

Ukimaliza, nitakupigia. Pokea simu.

Mama yako