Dua ya Kuamkia

Mama, nakushikia miguu kutoka Tottenham, ambako jua lipo lakini halina kazi.

Namuuguza bibi wa Kiyahudi. Kakatwa mguu kwa sukari, jicho moja limezima, na kila asubuhi, kabla hajafumbua macho, anamshukuru Mungu kwa Kiebrania. Siku moja nilichoka kusikia, nikamuuliza anashukuru nini. Akanijibu, "Usiku naiweka roho yangu kwake. Halazimiki kuirudisha."

Jana niliingia chumbani mwake, kumezizima. Kopo lake la kunawia mikono akiamka lilikuwa kando ya kitanda, limejaa maji. Nikamshika mkono, baridi. Nikamwekea puani kioo changu cha mkobani, hakikupata ukungu. Badala ya kukimbilia simu, mdomo wangu ukatoa ile dua ya kuamkia uliyotufunza, ya kumsifu Mungu anayetuhuisha baada ya kutufisha. Niliisoma kwa sauti, sijui kwa nini.

Midomo yake ikaanza kucheza. Macho bado kafumba, akashukuru kwa maneno yake mpaka mwisho, kisha akanyoosha mikono nimmwagie maji.

"Leo roho ilifika mbali sana," akasema. "Nani alikuwa akiiita?"

Nikainua kopo, nikammwagia maji mikononi.

Mama, najua kifua bado kinakusumbua. Usiku lala kwa amani. Asubuhi huku naisoma dua mara mbili, moja yangu na moja yako.

Mwanao akupendaye,
Zuhura